Kutoka Gusii hadi Chuo Kikuu cha Marekani: Safari Inayoanzia Nyumbani

Matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, aghalabu macho ya nchi huelekea vilima vya Gusii. Kaunti za Kisii na Nyamira hazina ardhi kubwa. Mashamba yamegawanywa baina ya ndugu, kizazi baada ya kizazi, hadi yamekuwa vipande, na familia nyingi huishi kwa majani ya chai, ndizi na biashara ndogo ndogo. Mzazi asiye na shamba la kumrithisha mwanawe humrithisha elimu. Ndiyo maana majina ya shule kama Kisii School, Nyabururu, Sironga na Nyambaria hutajwa huko kwa fahari, kama vile watu wengine wanavyotaja ukoo.

Sisi wa Pwani tuna jamaa na wakwe katika miji ile. Mji wa Kisii una jamaa ya Waislamu ya tangu zamani, wakiwemo Wanubi ambao wazee wao waliletwa na serikali ya kikoloni kama askari, na wafanyabiashara waliopanda kutoka pwani. Swali tunalolijadili wiki hii linazihusu nyumba za huko na za huku pia: mtoto aliyefaulu vyema katika shule ya Kisii au Nyamira anawezaje kufika katika chuo kikuu cha Marekani kinachochagua wanafunzi wachache mno, bila ya wazazi kuuza kipande cha mwisho cha shamba wala kujitia katika deni la riba?

Jibu letu ni kwamba njia ipo, na si mpya. Ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani, na sehemu yake iliyo ngumu si mtihani wala nauli. Sehemu ngumu ni ile inayomtaka mtoto ajieleze kwa ukweli, na matayarisho yake huanzia nyumbani.

Waliotangulia

Kabla ya uhuru, Lawrence Sagini, mwana wa Gusii, alikwenda kusoma Allegheny College katika jimbo la Pennsylvania, akarudi na kuwa miongoni mwa mawaziri wa mwanzo wa Kenya. Baada yake Zachary Onyonka alisoma Puerto Rico, kisha Chuo Kikuu cha Syracuse, New York. Akarudi kufundisha uchumi Nairobi, na mwaka 1969 akaingia Bungeni na kupewa uwaziri. Kule Mombasa, Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1933, hakupata alama nzuri katika cheti cha sekondari. Alifanya kazi katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa kabla ya kupata nafasi ya kwenda Uingereza. Mwaka 1961 alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na baadaye akawa profesa anayejulikana dunia nzima.

Katika miaka ile kikwazo kikubwa kilikuwa nauli. Vyuo vya Marekani vilikuwa tayari kuwapa Waafrika nafasi na misaada, lakini tiketi ya kuvuka bahari ilikuwa ghali kupita uwezo wa familia. Tom Mboya na rafiki zake Wamarekani wakakusanya michango. Mnamo Septemba 1959 ndege ya kwanza ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000, na kufikia mwaka 1963 wanafunzi wapatao 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamekwenda kwa mpango ule. Vijijini, watu waliuza ng'ombe na kuchangishana ili kumtayarisha mtoto mmoja.

Siku hizi nauli si kizuizi tena. Chuo kinachompokea mwanafunzi maskini aghalabu humsaidia hata katika tiketi. Vikwazo vya sasa ni uchache wa nafasi, ukosefu wa habari, na matayarisho yanayoanza kwa kuchelewa.

Gharama na suala la mkopo

Hebu tuanze na jambo linalowatisha wazazi zaidi. Gharama za mwaka mmoja katika vyuo kama Harvard au Yale, pamoja na malazi na chakula, hupita dola 80,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 10 za Kenya. Mkulima wa chai wa Nyamira akiisikia bei hiyo hufunga mazungumzo. Lakini bei iliyotangazwa si bei anayolipa kila mtu. Vyuo hivi huangalia mapato ya familia, vikakadiria inachoweza kutoa, na kilichobaki vikakijaza vyenyewe. Mnamo Machi 2025 Harvard ilitangaza kwamba familia yenye mapato ya dola 100,000 kwa mwaka au chini ya hapo, ikiwa na mali ya kawaida, haitalipa chochote. Ni familia chache sana za Kisii na Nyamira zinazopita kiwango hicho.

Hapa wazazi inawapasa wafahamu tofauti moja muhimu. Viko vyuo ambavyo, wakati wa kuamua nani apokewe, haviangalii kabisa kama mwombaji wa kutoka nje anahitaji msaada. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst vimekuwa na utaratibu huo, na Dartmouth na Bowdoin vilijiunga navyo mwaka 2022. Vyuo vingine vingi vyema huwasaidia wageni, lakini huweka haja ya mwombaji katika mizani, kwa hivyo ushindani kwa mwenye haja huwa mkali zaidi. Na viko vyuo vingi mno ambavyo havimpi mgeni chochote ila barua ya kukubaliwa na hati ya madai. Barua ya namna hiyo si ushindi. Mzazi asikimbilie kuitisha harambee kabla ya kusoma ukurasa wa malipo.

Kwa familia ya Kiislamu liko swali jingine: je, msaada huo ni mkopo? Mwaka 2001 Princeton iliondoa mikopo katika misaada yake na kuweka ruzuku isiyorudishwa, na vyuo vingine kadhaa tajiri vikafuata. Mwanafunzi hutarajiwa kufanya kazi kidogo chuoni, katika maktaba au ofisi, kwa saa chache kwa wiki. Vyuo vingine bado hutia mkopo wenye riba ndani ya kifurushi cha msaada, na hauonekani mpaka hati isomwe mstari kwa mstari. Kwa hiyo swali la kuuliza si "Mtoto amepata msaada kiasi gani?" pekee, bali pia "Katika huo msaada, kipi ni ruzuku, kipi ni kazi, na kipi ni mkopo?" Jibu lipatikane kwa maandishi kabla ya kutia saini.

Kipo pia chuo ambacho wengi hawakijui: Berea College, Kentucky, kilichoanzishwa mwaka 1855. Hakitozi karo, na kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni. Wageni kinaowachukua ni wachache, lakini huwasimamia. Hakina umaarufu wa Harvard, ila elimu yake ni ya kweli, na mwenye busara hukitia katika orodha yake.

Kalenda mbili zisizokutana

Sababu ya pili inayowakwamisha watoto wetu ni wakati. KCSE hufanywa mwisho wa mwaka. Matokeo ya mtihani wa 2023 na wa 2024 yote yalitangazwa mwezi wa Januari uliofuata. Lakini maombi ya vyuo vya Marekani hufungwa mapema Novemba kwa wanaoomba awali, na mwanzoni mwa Januari kwa wengine. Hivyo anayemaliza Kidato cha Nne mwezi wa Novemba aghalabu hawezi kuomba akiwa na matokeo mkononi. Wengi hungoja matokeo, huomba mwaka huohuo kuanzia Agosti, hupata majibu kati ya Desemba na mwanzo wa Aprili, kisha huanza masomo Agosti au Septemba. Kutoka karatasi ya mwisho ya KCSE hadi siku ya kuingia darasani Marekani hupita karibu miezi 21.

Miezi hiyo huwa mizito nyumbani. Wenzake wamepata nafasi kupitia KUCCPS na kwenda vyuoni. Majirani huuliza mbona mtoto mwenye alama A bado anachota maji na kuchuma chai. Wajomba hudhani amepotoka. Mama ndiye hubeba maneno hayo. Mzazi akiijua kalenda tangu mwanzo, atakuwa na jibu la kuwapa watu, na mtoto hatavunjika moyo katikati ya njia.

Jambo jingine lahitaji hadhari. Baadhi ya vyuo vya Marekani humhesabu mtu aliyekwisha kuanza shahada mahali pengine kama mwanafunzi wa kuhamia, si mwombaji mpya, na misaada kwa wahamiaji wa kutoka nje huwa haba zaidi. Kwa hivyo kabla ya kuripoti katika chuo cha hapa kwa nia ya kusubiri, kila chuo kinachoombwa kisomewe kanuni zake. Hatusemi kwamba nafasi ya hapa itupwe. Milango ya Marekani ni myembamba, na nafasi ya KUCCPS ni neema. Tunasema uamuzi ufanywe kwa kujua.

Mwezi baada ya mwezi, mpango wa mwaka ni huu. Januari hadi Machi: matokeo, pasipoti na kukusanya ripoti za shule za miaka minne. Machi hadi Agosti: kujiandaa kwa mtihani wa SAT, na kusoma kwa makini habari za vyuo. Tarehe 1 Agosti: mfumo wa maombi uitwao Common App hufunguliwa kwa mwaka mpya, na kupitia huo mtu mmoja huweza kuomba hadi vyuo 20. Agosti hadi Oktoba: insha na barua za walimu. Novemba hadi Januari: kutuma maombi pamoja na fomu za msaada. Ada ya kuomba husamehewa kwa mwenye haja anayeomba asamehewe, kwa hivyo umaskini usimzuie mtu kubonyeza kitufe cha mwisho.

Cheti na shaka

Katika matokeo ya KCSE ya mwaka 2022, Nyambaria ya Nyamira ilitajwa kileleni mwa nchi, na shule kadhaa za eneo lile zikang'ara. Furaha hiyo ilifuatwa na minong'ono ya udanganyifu, mjadala ukazuka nchini kote, na Kamati ya Elimu ya Bunge ikafanya uchunguzi. Sisi hatumhukumu yeyote. Lakini ni lazima tuseme ukweli mmoja: shaka inapolikumba eneo, anayeumia ni mtoto aliyekesha na vitabu vyake na kupata alama yake kwa halali. Alama inayonunuliwa na mmoja humpunguzia thamani jirani yake aliye mwaminifu. Mzazi anayechangia pesa za "kusaidia" mtihani anamwibia mwanawe na mwana wa mwenzake.

Mtihani wa SAT humpa mtoto huyo shahidi wa pili. Alama zake hukamilika 1600, nusu kwa kusoma na kuandika, nusu kwa hesabu. Sasa hufanywa kwa kompyuta, kwa muda wa saa mbili na dakika chache. Baada ya janga la korona vyuo vingi viliuacha kuwa hiari, lakini MIT iliurudisha mwaka 2022, na mwaka 2024 Dartmouth, Brown na Harvard zikatangaza kuudai tena mtihani sanifu. Mtoto aliyezoea KCSE hesabu haimshindi. Kinachomtatiza ni mwendo wa saa na Kiingereza cha makala fupi fupi. Dawa yake ni mazoezi, na mazoezi rasmi hutolewa bure kwenye intaneti. Ada ya mtihani hupita dola 100 kwa mgeni, na huenda mtoto wa Nyamira akalazimika kusafiri hadi mji mwingine na kulala huko. Hiyo ni gharama halisi. Afadhali familia iweke akiba kwa ajili yake kuliko kumpa wakala.

Hata hivyo alama pekee hazimwingizi mtu. Mwaka 2024 Harvard ilipokea maombi 54,008 na kukubali 1,937, yaani chini ya 4 katika kila 100. Wengi mno waliokataliwa walikuwa na alama za juu. Baada ya alama kuthibitisha kwamba mtoto anaweza kusoma, wasomaji wa maombi huuliza: huyu ni nani?

Malezi ya heshima na swali la "wewe ni nani?"

Hapa ndipo watoto wetu wengi hukwama, na jambo la ajabu ni kwamba wasomi wa Harvard wenyewe waliliandika zamani. Kati ya 1955 na 1957 mwanaanthropolojia Robert LeVine aliishi Gusii, akachunguza jamii aliyoiita Nyansongo. Katika miaka ya 1970 alirudi pamoja na mkewe Sarah LeVine na wenzao, wakafuatilia jinsi kina mama wanavyolea watoto wachanga. Kitabu chao cha mwaka 1994 kinalinganisha malezi hayo na ya kina mama wa viunga vya Boston. Mama wa Boston humzungumzisha mtoto tangu uchanga, humwuliza, humsifu, humtaka ajibu. Mama wa Gusii humbeba, humtuliza, humlinda na maradhi, kisha humfunza utiifu, kazi na adabu mbele ya wakubwa. Mtoto mwema ni yule asiyejitangaza.

Msomaji wa Lamu, Mombasa au Malindi ataitambua picha hiyo mara moja. Nasi tumelelewa hivyo: mbele ya mkubwa mtoto huinamisha macho, na anayejitaja sana huambiwa ana majivuno. Ni malezi yenye hekima, nasi hatutaki yaachwe. Lakini mtoto aliyelelewa hivyo anapokabidhiwa karatasi inayomwambia ajieleze kwa maneno yasiyozidi 650, huganda. Ama huandika mahubiri kuhusu umuhimu wa elimu, ama hunakili insha ya mtu mwingine, ama hulia umaskini kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho kwa kudhani Wamarekani hutaka huruma.

Wanaosoma insha hizo hutafuta mtu aliye hai. Mtoto wa Tabaka aliyekua akimtazama baba yake akichonga jiwe la sabuni ana habari za subira ya mkono zisizopatikana katika kitabu. Aliyekuwa akiandika kilo za chai za jirani wasiojua kusoma, akagundua kwamba hesabu za mwisho wa mwezi hazilingani, ana habari za hesabu na uadilifu. Aliyekuwa mkalimani wa bibi yake hospitalini, kutoka Ekegusii hadi Kiswahili, ana habari za lugha na huruma. Kusema mambo hayo kama yalivyokuwa ni kutoa ushahidi. Kujisifu ni kudai usichokuwa nacho, na mtoto akiielewa tofauti hiyo, adabu yake itamsaidia, kwani asiyezoea kutia chumvi ndiye anayeaminika.

Wazazi wanaweza kumwandaa bila ya kujua Kiingereza. Jioni, mwulizeni mtoto maswali ambayo jibu lake si ndiyo au la: leo umeona nini kilichokushangaza? Wewe ungaliamuaje? Kwa nini? Msikilizeni mpaka amalize. Atakayezoea kusikilizwa nyumbani hataogopa kusikilizwa na mgeni.

Barua za walimu nazo zina mkasa wake. Shuleni kwetu barua ya mwalimu huwa mistari mitatu: ni mtiifu, ni mchapakazi, namtakia heri. Barua kama hiyo mbele ya wasomaji wa Marekani haisemi kitu. Mwalimu wa fizikia anayekumbuka jinsi mwanafunzi alivyotengeneza kipimo kwa chupa na waya wakati maabara haikuwa na vifaa, na akalieleza tukio hilo, amemsaidia kuliko sifa kumi. Mwanafunzi awaombe walimu wawili mapema, kwa heshima, kabla hawajahamishwa, na awakumbushe kazi walizofanya pamoja.

Binti na kazi za nyumbani

Tunataka kina mama walisikie jambo hili vizuri. Fomu ya Common App ina mahali pa kutaja shughuli hadi 10 nje ya darasa. Wasichana wengi wa kwetu hupaacha patupu wakisema, "Mimi sikuwa na klabu wala michezo, nilikuwa nasaidia nyumbani." Lakini katika aina za shughuli zinazotambuliwa na fomu hiyo, majukumu ya familia yametajwa wazi. Binti aliyewalea wadogo zake watatu mama alipokuwa sokoni, aliyemuuguza babu kwa miaka miwili, aliyeendesha genge la mboga kila Jumamosi, amefanya kazi inayohesabika. Aandike saa ngapi kwa wiki, kwa miezi mingapi, na nini kilibadilika kwa sababu yake. Kazi ambayo nyumbani haisifiwi na yeyote, huko husomwa kama dalili ya uongozi.

Familia inayosita kumpeleka binti mbali ina haki ya kusita, na suala la safari yake lijadiliwe na wazazi pamoja na wanavyuoni wanaowaamini. Yapo mambo ya kusaidia katika mazungumzo hayo. Wellesley, Smith, Mount Holyoke na Bryn Mawr ni vyuo vya wanawake vyenye sifa kubwa, na vyote hutoa misaada kwa wageni. Vyuo kama Yale na Princeton vimeajiri walezi wa kiroho Waislamu, na wanafunzi wana mahali pa kuswali. Na ziko taasisi za Kenya zinazowashika mkono: Zawadi Africa, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Dkt. Susan Mboya, bintiye Tom Mboya, huwasaidia wasichana wenye vipaji na uhitaji kupata ufadhili wa chuo kikuu. KenSAP, iliyoanzia Bonde la Ufa mwaka 2004, imepeleka vijana katika vyuo vikubwa kabisa vya Marekani. Mpango wa viongozi wa Equity huwachukua waliong'ara katika KCSE kufanya kazi kwenye matawi ya benki na kuwaongoza katika maombi ya nje. Familia inayoona uzito katika kazi ya benki iulize kwanza.

Hati, viza na matapeli

Mlango wa mwisho ni wa hati. Kwa Wanubi wa Kisii mlango huu umekuwa mzito kwa miaka mingi, kwani vijana wao walihojiwa na kamati za ukaguzi kabla ya kupata kitambulisho, na bila kitambulisho mtu mzima hapati pasipoti. Mnamo Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki za Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi, na Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kukomeshwa kwa ukaguzi ule. Hata hivyo, mzazi mwenye busara hangoji barua ya chuo ndipo aanze. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na pasipoti viwe na jina moja, kwa herufi zilezile, na lilingane na jina la KCSE. Mohamed wa cheti kimoja na Muhammad wa kingine ni mtu mmoja kwa mamaye, lakini ni wawili kwa afisa.

Aliyekubaliwa hutumiwa na chuo fomu ya I-20, hulipa ada ya SEVIS dola 350 na ada ya viza dola 185, kisha huhojiwa katika ubalozi wa Marekani, Nairobi. Swali kuu la afisa ni kama mwombaji ni mwanafunzi wa kweli atakayerejea. Mwaka 2025 hali ilikuwa ngumu zaidi. Mwezi wa Mei serikali ya Marekani ilijaribu kuizuia Harvard isipokee wanafunzi wa nje, na mahakama ikasimamisha amri hiyo. Wakati huohuo miadi mipya ya viza za wanafunzi ilisitishwa kwa wiki kadhaa, na iliporejea waombaji walitakiwa kuziacha wazi kurasa zao za mitandao ya kijamii ili zikaguliwe. Vijana na wajue kwamba wanachokiandika leo kwa mzaha huweza kusomwa kesho na asiyejua mzaha.

Kuhusu mawakala, mfano wa Uasin Gishu unatosha. Wazazi wa kule walilipa fedha nyingi ili watoto wao wasome Finland na Canada kupitia mpango wa kaunti. Mpango ukaporomoka, wakaandamana Eldoret, na mwaka 2023 kesi ikafika mahakamani. Wako waliokuwa wameuza ardhi. Kanuni yetu iwe nyepesi: hakuna chuo cha heshima kinachouza nafasi, hakuna wakala anayeweza kuahidi viza, na anayejitolea kumwandikia mtoto insha anamfundisha uongo. Ofisi ya EducationUSA, iliyo chini ya ubalozi wa Marekani, hutoa habari bila malipo. Mzazi aanzie huko.

Kwa wazazi walio na mtoto ambaye bado yuko sekondari, yako mambo manne yasiyohitaji pesa nyingi. Hifadhini kila ripoti ya shule. Sahihisheni majina katika hati. Msomesheni mtoto vitabu nje ya vile vya mtihani. Na mzungumze naye kila jioni, ajifunze kusema alilolifanya bila ya kulikuza wala kulificha. Akikubaliwa, atakwenda akiwa anajijua. Asipokubaliwa, na wengi hawakubaliwi, atakuwa bado na nafasi yake hapa nchini, shamba la wazazi halijauzwa, na ulimi wake umefunzwa kusema kweli. Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango yenye kheri, na awape wazazi subira ya kungoja.